Hatua Isiyoandikwa

Kibodi ya shemeji yangu ilikuwa inanata. Siku yangu ya kwanza kazini alinipisha kiti chake nijaribu kuingia kwenye mfumo. Nilipobonyeza herufi ya kwanza, kidole kikabaki palepale kama kimepakwa gundi. Makombo ya mkate yalijazana katikati ya herufi, na kando kulikuwa na kikombe cha chai ya juzi, au ya wiki iliyopita, chenye utando wa kijani juu yake.

"Karibu ofisini, shemeji," akaniambia, huku anajichokoa meno kwa kona ya kitambulisho chake cha kazi.

Siku ile nilinawa mikono mpaka vidole vikakunjamana.

Huyo ni mume wa dada yangu, na ndiye aliyenitafutia kazi. Nalisema mapema ili lisije likaonekana nimelificha. Nilikuwa nimekaa nyumbani miezi minane baada ya kampuni niliyokuwa nikiiandikia programu kufungwa, akaenda kwa Daktari, mwenye kliniki, akaniombea. Pale kazini walimwita Bingwa. Jina hilo alijipa mwenyewe.

Kliniki ni ya magonjwa ya ngozi. Chini walikaa madaktari na wauguzi, na sisi watu wawili wa kompyuta tulikuwa juu, kwenye chumba chenye dirisha moja linalotazama matangi ya maji. Mgonjwa aliye mbali hakulazimika kuja. Alifungua tovuti ya kliniki kwenye simu yake, akapiga picha ya sehemu inayomsumbua, akaituma, na daktari akamwandikia jibu. Mimi niliandika programu ya tovuti hiyo na kuirekebisha. Bingwa kazi yake ilikuwa kuipandisha, yaani kuchukua nilichokiandika na kukiweka kwenye seva, kompyuta ya mbali tuliyokodi kwa kampuni moja ya wingu, ili wagonjwa wakione.

Sitadanganya, picha zile zilinishinda mwanzoni. Majipu yaliyopasuka. Miguu iliyovimba inavuja maji ya manjano. Ngozi inayobambuka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Wiki nzima chakula cha mchana hakikupita kooni. Muuguzi mkuu, mama wa makamo tunayemwita Sista, alinikuta nimeinamia sinki la chini, akaniletea glasi ya maji.

"Umeona jeraha lipi?"

"La mguu. Lile lenye... lile lenye shimo."

"Aa, yule ni mwalimu. Anafundisha amekaa kwa sababu hawezi kusimama, na watoto wanamcheka. Nenda katazame tena. Halafu utazame na picha aliyotuma mwezi uliofuata."

Nikaenda nikatazama. Shimo lilikuwa limeziba, limebaki kovu jekundu linalong'aa. Kuanzia siku ile kinyaa kikaanza kunitoka kidogo kidogo, mpaka nikafika mahali pa kula ndizi huku narekebisha ukurasa wa majipu.

Bingwa alipandisha tovuti kila Alhamisi saa saba mchana, watu wakiwa mapumzikoni. Alinitoa nje na kufunga mlango kwa ufunguo. "Kazi hii haitaki macho ya watu," alikuwa akisema. Alikuwa na daftari lililojaa mafuta, ameandika humo hatua moja moja: fungua hiki, nakili kile, zima, washa. Akiruka hatua tovuti inaanguka, naye aliruka mara nyingi. Mara moja ilikaa chini siku mbili, wagonjwa wakifungua wanaona ukurasa mweupe. Mama mmoja alijipaka dawa inayomchoma siku zote mbili, kwa kuwa ujumbe wa daktari wa kumwambia aache ulikuwa umekwama.

Daktari akapanda juu mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake.

"Hivi kitu hiki hakiwezi kujipandisha chenyewe?"

"Kinaweza," nikasema, mdomo ukiwa umetangulia akili.

Bingwa alinitazama kama nimemtemea mate.

Nikamweleza Daktari. Hatua zote ningeziandika kwenye faili moja. Mimi nikimaliza kazi yangu nikaihifadhi, kompyuta za kampuni ya wingu zingeichukua, zingeijaribu, na ikifaulu zingeipandisha zenyewe. Ikishindwa, ile ya zamani inabaki mahali pake na hakuna mgonjwa atakayejua. Tena kabla haijapanda, mtu wa pili atapata taarifa kwenye simu yake, asome kinachopanda, abonyeze kukubali. Asipobonyeza haiendi popote. Nilitaka iwe hivyo ili mtu mmoja asiweze kufanya atakalo peke yake, na wakati huo nilikuwa najifikiria mimi mwenyewe na makosa yangu. Daktari akapenda. Akasema wenye kukubali wawe yeye na Sista, na mmoja wao akibonyeza inatosha.

Alipotoka tu, Bingwa akafunga mlango.

"Unataka kunilia kibarua, shemeji?"

"Kazi zipo tele hapa. Nusu ya wiki unaimaliza unahangaika na seva."

"Mimi ndiye niliyekuleta hapa."

"Najua, na nilishukuru."

"Ulishukuru," akasema, akacheka kwa pua.

Ili kuandika hatua ilibidi nizione zote, maana kompyuta haikisii, inafanya kile ilichoambiwa basi. Kwa amri ya Daktari, Alhamisi iliyofuata nilikaa ubavuni kwa Bingwa na kalamu mkononi. Alikuwa akilamba kidole kila anapofunua ukurasa wa daftari. Nikaandika ya kwanza, ya pili, mpaka ya tisa. Hapo akageuza skrini kuelekea ukutani, akachapa kitu, akakunja mikono, tukakaa tunatazama matangi ya maji. Dakika saba zikapita.

"Hapo unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nakala rudufu."

"Mbona kampuni ya wingu inachukua nakala yenyewe kila siku?"

"Yangu ni ya ziada. Usiiandike hiyo, niachie mimi nitakuwa naifanya kwa mkono."

Akarudisha skrini, akaendelea na ya kumi kana kwamba hapakutokea kitu. Nami nikaacha mstari mtupu kwenye karatasi yangu.

Kesho yake nikajaribu kupandisha kwa njia mpya, kwenye nakala ya tovuti ambayo wagonjwa hawaioni, bila ile hatua yake. Ilipanda kwa dakika nne, salama salimini. Ningeweza kuishia hapo. Lakini hatua isiyo na kazi inaniwasha, siwezi kuiacha. Nikafungua kumbukumbu za seva, pale panapoandikwa nani aliingia, saa ngapi, na alichukua nini. Kila Alhamisi, kwa mwaka mmoja na zaidi, picha zote mpya za wiki zilishuka kwenye laptopu ya Bingwa. Picha peke yake. Majina hayakuchukuliwa, dawa hazikuchukuliwa, majibu ya madaktari hayakuchukuliwa. Nakala ya namna hiyo haiwezi kumsaidia yeyote siku mfumo ukianguka.

Nikazima kompyuta, sikumwambia mtu.

Jumatatu asubuhi Bingwa aliteremka kufuata chai akaacha laptopu wazi. Nadhani aliamini hakuna mtu mwenye akili timamu angeigusa kibodi ile. Nikakaa kwenye kiti chake. Mazungumzo ya simu yake yalikuwa yamefunguliwa kwenye skrini, kundi la watu kumi na wawili linaloitwa Kijiwe cha Mapele. Nilimtambua jirani yake. Nilimtambua fundi wa printa, yule anayetuletea wino na kunisalimia kwa heshima zote.

Walikuwa wakizipa alama. Bingwa anatupia picha, wenzake wanapiga kura, moja hadi kumi, mshindi wa wiki anatangazwa kila Ijumaa. Chini ya mguu mmoja mtu ameandika, "Huyu hata mbu anamkwepa." Chini ya mgongo wa binti fulani, "Mwenye huyu mke nampa pole." Za sehemu za siri ndizo zilizokuwa na maneno mengi kuliko zote, na mengine siwezi kuyarudia hata nikiwa peke yangu chumbani. Nilikuwa nasogeza ukurasa kwa ncha ya kalamu maana sikutaka kidole changu kigusane na kitu chake chochote. Hapo ndipo nilipoona ule mkono.

Ilikuwa picha ya kifua cha mwanamke mtu mzima. Mkono wake mmoja umeinua titi ili vipele vya chini yake vionekane. Kwenye kifundo cha mkono huo palikuwa na kovu la pembetatu. Kovu lile nililitia mimi, nikiwa na miaka sita, kwa pasi ya moto. Mkono ulikuwa wa mama mdogo, aliyetulea mimi na dada yangu tangu mama yetu alipofariki.

Bingwa alikuwa ameandika: "Huyu namjua, wajumbe. Jumapili nimekula kwake. Chakula kimenitoka puani." Wajumbe walikuwa wamecheka mpaka basi.

Mama mdogo hakutaka kutuma picha ile. Mimi ndiye niliyemshawishi. "Tuma tu mama," nilimwambia, "ni salama, tovuti naiandika mimi mwenyewe."

Nikatoa simu yangu nikapiga picha ile skrini, ukurasa kwa ukurasa, maneno na majina ya wanakikundi, huku kiganja changu kimefunika picha za wagonjwa. Nilikuwa bado napiga picha hizo, mara mlango ukafunguka.

Alisimama na kikombe chake. Akaitazama skrini, akanitazama.

"Umekalia kiti changu."

"Mama mdogo," nikasema.

Akaweka kikombe chini taratibu. "Ni utani tu, shemeji. Ukikaa na uchafu kutwa nzima lazima ucheke, la sivyo utachanganyikiwa. Unadhani madaktari hawacheki?"

"Umekula kwake jana."

"Sura haionekani," akasema. "Angalia vizuri. Hakuna hata picha moja yenye sura, mimi si mjinga. Nani atajua?"

Alikuwa akijivunia. Nilimpita pale mlangoni nikiwa nimebana pumzi ili nisivute hewa aliyoitoa yeye, nikashuka ngazi, nikatapika kwenye sinki lilelile. Safari hii Sista hakuwepo.

Daktari alinisikiliza akiwa anafuta miwani. Alipomaliza kusoma niliyomwonyesha aliniuliza swali moja. "Umemwambia nani mwingine?"

Nilitegemea aulize ni wagonjwa wangapi.

"Hakuna."

"Vizuri. Huyu ataondoka wiki hiihii, kimyakimya. Wewe badilisha paswedi zote, maliza huo mfumo wako, maisha yaendelee."

"Na wagonjwa?"

"Wakijua watakimbia wote. Utakuwa umewasaidia nini? Hawajui, hawaumii."

"Picha ni zao, Daktari."

"Na kliniki ni yangu."

Alikuwa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi vizuri, mikono yake inanukia sabuni. Usafi ule ulinichefua kuliko kikombe chenye utando wa kijani.

Jumanne jioni dada yangu akaja nyumbani kwangu. Mumewe alikuwa amempa habari kwa namna yake. Hakukaa.

"Mdogo wangu, futa hivyo vitu. Fikiria watoto."

"Mama mdogo yumo."

Akaomba aone. Picha sikumwonyesha, nilimwonyesha yale maneno tu. Alisoma mara mbili, midomo ikimtikisika, nikawa nasubiri alie au atukane.

"Usimwambie mama," akasema mwishowe. "Atanidharau."

Hakusema mama ataumia, alisema atamdharau yeye. Nikamtazama dada yangu, niliyelala naye kitanda kimoja utoto mzima, nikamwonea kinyaa. Kisha nikajionea kinyaa mwenyewe kwa kumwonea. Nikamfungulia mlango. Alitoka bila kuaga.

Jumatano nikaenda kwa mama mdogo. Sikutaka alisikie kwa mtu au alione kwenye simu. Alikuwa anakunja nguo zilizoanuliwa, nikaanza kumsaidia, shuka la kwanza, la pili, kila nikifungua mdomo maneno yanarudi.

"Sema," akaniambia. "Shuka hilo umelikunja mara tatu."

Nikasema yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa juu ya zile nguo, mkono wenye kovu akauficha chini ya kanga yake, nadhani bila kujua.

"Ni yeye? Mume wa dada yako?"

"Ndiye."

"Alikula Jumapili."

"Ndiyo, mama."

"Akaomba nimwongezee."

"Ndiyo."

Kisha akasema, bila kunitazama, "Wewe uliniambia ni salama."

Nilingoja aniambie si kosa langu. Hakuniambia, na sikuwa na haki ya kumwomba aniambie. Aliinuka akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema ndiyo, tukanywa tukisikiliza redio ya jirani. Nilipokuwa navaa viatu akasema, "Wengine nao waambiwe. Nisiwe nimejua mimi peke yangu kwa sababu nina mtoto anayefanya kazi huko."

Alhamisi nilifika kazini mapema. Kiti cha Bingwa kilikuwa kitupu, ameambiwa asije. Nikabadilisha kila paswedi na kila ufunguo wa seva, nikaifunga njia yake ya zamani, nikakamilisha ile mpya. Halafu nikaandika ukurasa mmoja, wa kwanza kuonekana na kila mgonjwa atakayefungua tovuti. Ulisema kwamba mfanyakazi wa kliniki alichukua picha za wagonjwa bila ruhusa na kuwaonyesha watu wa nje, kwamba baadhi ya picha huenda zilionekana, kwamba ushahidi upo, na pa kwenda kulalamika ni hapa na hapa. Mwisho nikaandika samahani. Saa saba mchana nikauhifadhi. Kompyuta za mbali zikauchukua, zikaujaribu, zikausimamisha mlangoni kusubiri mtu wa pili.

Haikupita dakika moja, nikasikia viatu vya Daktari kwenye ngazi.

"Ondoa hicho kitu," akasema, simu mkononi.

"Siondoi. Usipotaka, usibonyeze."

"Nitakufukuza leo hii."

"Sawa."

Nyuma yake akatokea Sista, anahema kwa ngazi, na yeye simu mkononi.

"Nimeipata na mimi," akasema. Akaja mpaka mezani kwangu akaniwekea kidole kwenye skrini. "Hapa umeandika *huenda zilionekana*. Huenda ya nini? Si umeandika ushahidi upo? Toa hilo neno."

"Sista, usibonyeze," Daktari akasema.

"Daktari, anayewaambia wavue nguo ni nani?"

Daktari akaitazama simu yake.

"Ni mimi. Kila siku, miaka kumi na tisa. Mtu ananivulia anatetemeka, namwambia vua mama, vua baba, hapa hakuna wa kukuona. Wananiamini. Sasa unataka kesho niwaambie nini?"

Nikalitoa neno *huenda*, nikahifadhi tena. Simu yake ikalia. Akavaa miwani, akasoma ukurasa wote kuanzia juu, hakuruka mstari, sisi wawili tumesimama tunamngoja. Kisha akabonyeza. Daktari akageuka akashuka ngazi. Dakika nne baadaye alama ya kijani ikawaka kwenye skrini yangu, na ukurasa ukawa kwenye simu ya kila aliyefungua. Ndio uliokuwa wa kwanza kupanda kwa njia mpya.

Simu za chini zilianza kulia kabla mapumziko hayajaisha, zikalia wiki nzima. Mwanamume mmoja alimtukana Sista mpaka akaishiwa pumzi, Sista akamsikiliza mpaka mwisho. Wagonjwa sitini na mmoja walifuta akaunti zao. Saba walikwenda kushtaki, polisi wakaja kuchukua laptopu ya Bingwa, na askari aliyeibeba niliona anajipangusa vidole kwenye suruali. Daktari hakunifukuza. Alipoitwa kuhojiwa aliwaambia ndiye aliyeagiza wagonjwa waambiwe mara moja, na kliniki nyingine zikampigia kumpongeza. Nilisikia hayo nikiwa koridoni, na mate yakanijaa mdomoni.

Mama mdogo sasa anakwenda kliniki mwenyewe, anakaa kwenye foleni, anaingia kwa Sista. Vipele vimepungua. Simu yake haitumii tena kwa jambo lolote la hospitali, na Jumapili hapiki kwa ajili ya watu wengi. Tunakula wawili. Dada yangu hajaja, na mumewe bado yumo nyumbani mwake.

Kesi inaendelea kwa mwendo wa konokono. Mwezi uliopita fundi wa printa, ambaye siku hizi ananikwepa macho, aliropoka kwa mtu wa mapokezi kwamba Bingwa kapata kazi mpya, anaangalia mfumo wa kompyuta wa shule moja ya bweni ya wasichana, picha zao na taarifa zao zote ziko mikononi mwake. Mwenzangu wa mapokezi akanipandishia habari hiyo akiwa amekunja uso kama anaonja kitu kilichochacha.

Nilitafuta namba ya mkuu wa shule, nikampigia palepale. Alikuwa mama mwenye sauti ya haraka, mwanzoni akadhani namuuzia kitu. Nikamweleza. Nikasikia kiti kinasogezwa na mlango unafungwa.

"Huo ushahidi," akasema, "unaweza kuniletea lini?"

Nikamwambia nakuja sasa hivi, nikachukua mkoba wangu.